Modemu Chumbani kwa Mkwe

Aziza mwanangu,

Habari za uzima sina haja ya kukuandikia. Uko hatua sitini na moja kutoka hapa nilipokaa, kwa bibi yako, nakusikia unacheka. Hatua hizo nilizihesabu mwenyewe siku tulipopima kable, na mpaka leo hazijaongezeka. Kesho asubuhi zitaongezeka.

Usiisome barua hii sasa. Isome njiani kwenda Salamabila, moto, hizo pikipiki zenu, zikipumzika, mkishaingia upande wa Kabambare. Mambo ya nguo, ya dawa na ya kufunga mizigo mama yako ameyasema mara tatu na mimi nikiwepo, sitaongeza ya nne. Mimi nina jambo moja tu. Miezi kumi na minne iliyopita nilikuita mwizi wa rezo, hii interneti ninayouza, mbele ya watu tisa, katika butiki yangu. Haikuwa kweli. Na kati ya miezi hiyo kumi na minne, kumi na miwili nimeishi nikijua kwamba haikuwa kweli.

Nimeandika mstari huo, nimeinuka kunywa maji, nimerudi. Bado upo. Basi niendelee.

Unajua nilivyoingia mji huu wa Kasongo, lakini unajua kwa kuambiwa na wajomba zako, na wao husimulia wakicheka. Nilitoka Kabambare nikisukuma baiskeli yenye bidoni sita za mafuta ya mawese, lita mia na ishirini, siku nne njiani. Kusukuma, si kupanda. Nilipokuja kuposa kwa mama yako, mjomba wako mkubwa aliuliza mbele ya wazee kama mkwe ataacha baiskeli inje ama ataingia nayo. Watu walicheka sana. Ni miaka ishirini na miwili sasa, na kicheko kile naweza kukuonyesha kilitoka kona gani ya nyumba.

Siku ile nikaapa kwamba watu wa nyumba ile hawatanipata na kosa upande wa adabu. Mtu yeyote wa huku anajua haingii chumba cha mama mkwe wake. Mimi nilizidisha. Mimi nilikuwa nakipa mgongo hata kile kidirisha chake. Bibi yako akipita njia hii, mimi napita ile. Kwa miaka yote hiyo hatujazungumza ila kwa kumpitia mama yako, na baadaye kwa kukupitia wewe.

Halafu ikaja habari ya dishi la rezo. Fundi alitoka Kindu, akazunguka na telefone yake akitafuta mahali mbingu ilipo wazi. Kwetu michikichi minne ilikuwa imeziba, na michikichi sikati, ndiyo iliyonilea. Kwa bibi yako paa lilikuwa la mabati na juu yake hakuna kitu. Kable ya dishi ina urefu wake, mita ishirini na tatu, haiungwi. Ikatoka juu ya paa, ikashuka ukutani, ikaishia katika chumba kimoja tu. Fundi akaweka modemu juu ya kigoda kando ya kitanda cha bibi yako, akavuta kable ya pili mpaka butiki, kwenye rutere, kile kisanduku chenye masikio mawili kinachogawia telefone za watu.

Mama yako aliniambia siku hiyohiyo, "Mama anasema, kama ni kazi ya mashine, mukwe wake aingie tu. Yeye atatoka kwanza." Nikakataa. Nilimwambia mimi si mtu wa kuingia pale. Kweli nilikuwa namjibu mjomba wako na baiskeli yake. Ndiyo maana mimi, mwenye mashine, nilikaa karibu mwaka mzima naitibu kwa kusikia.

Wewe unakumbuka. Rezo ikianguka, natoka butiki, napiga hatua sitini na moja, nasimama chini ya kidirisha nikitazama barabara. Wewe unaingia ndani.

"Aziza, chomoa kamba ya moto."

"Ya wapi, Baba? Ziko mbili."

"Ile nyeusi."

"Zote ziko nyeusi."

Na bibi yako, aliyekaa kitandani, kwa sauti ya kusikika mpaka msikitini: "Wee muke mwenzangu, ambia ule mutu mwenye kusimama inje, hata mimi na macho yangu mabovu naona kama zote ziko nyeusi."

"Baba, Bibi anasema..."

"Nimesikia. Mwambie nimeshukuru."

"Bibi, Baba anashukuru."

"Nimesikia. Mwambie asimame kwenye kivuli, jua litamupika."

Tulikuwa watu watatu, ukuta mmoja wa matofali, na kila neno lilisemwa mara mbili. Wakati ule nilikasirika. Leo, hapa nilipo, nimecheka peke yangu.

Makosa yangu ya mwanzo yalikuwa ya haraka tu. Modemu ile ikizimwa na kuwashwa inahitaji dakika saba kupata njia ya juu. Taa nyekundu, halafu inapepesa, halafu nyeupe iliyotulia. Mimi nilikuwa nakupa dakika nne. Zikiisha nne nakuambia, "Zima tena." Siku moja nilizimisha mara sita mfululizo. Sita mara nne ni dakika ishirini na nne, na mashine haikupata saba hata mara moja. Ningekaa kimya mara ya kwanza, ningebaki na dakika kumi na saba za ziada. Mtu anayejua hesabu kama mimi.

Ni wewe uliyesema tukae. Na ni wewe uliyegundua lile jambo la pili, kwamba modemu ikirudi, butiki inaweza kubaki bila rezo hata taa zote zikiwa nyeupe, kwa sababu rutere imeng'ang'ania namba iliyopewa na modemu kabla ya kuzimwa. Ulikuwa umekaa juu ya kaunta, miguu inaning'inia, ukasema, "Baba, kwanza ile ya kwa Bibi. Tunangoja itulie. Halafu hii ya hapa. Halafu telefone za watu. Kila mutu anaamka kwa zamu yake." Nikafanya, ikakubali. Jioni ile mwalimu mmoja aliniuliza nimejuaje. Nikamwambia nimefikiri. Ulikuwa unafagia, ulisikia, ukaendelea kufagia. Hilo nalo nakulipa hapa.

Basi rezo ikaanza kuanguka kila siku. Inarudi, inakaa saa moja na nusu, saa mbili, inaanguka. Wateja walinitesa. "Baba Aziza, rezo yako inafanya kazi nusu siku kama ofisi?" Na yule mshona viatu, ambaye hajawahi kuninyima neno: "Muache. Rezo imeenda Kabambare kusalimia kwao." Walicheka, na mimi kicheko hicho nilikuwa nakijua kutoka zamani.

Nikachukua kaye yangu, daftari la hesabu, nikaanza kuandika. Saa ya kuanguka, saa ya kurudi, nani aliingia chumbani. Siku ishirini, maanguko kumi na manne. Katika kumi na manne yote, mtu wa mwisho kugusa modemu alikuwa wewe. Kumi na nne juu ya kumi na nne. Hesabu kama hiyo mtu haipati mara mbili katika biashara, nikaiona tamu. Sikujiuliza kwamba wewe ndiye uliyekuwa unaingia kila mara kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nakutuma kila mara.

Mteja mmoja akasema wasichana wa shule hutoa kode ya kuingilia kwa wenzao, rezo inakuwa nzito, inaanguka. Hakukutaja. Sikuhitaji akutaje. Uliingia na vitabu vyako, nikafungua kaye mbele yao wote, nikasoma tarehe na saa, zote kumi na nne, nikamaliza kwa kusema, "Mwizi wa rezo nimemzaa mwenyewe."

Hukulia. Uliweka ufunguo wa kabati ya makable, niliokuwa nimekukabidhi, juu ya kaunta, ukausukuma kidogo kwa kidole ili usianguke. Ukasema, "Sawa, Mzee."

Kuanzia siku ile umeniita Mzee, si Baba tena. Ni neno la heshima. Mtu hawezi kwenda kwa jirani kulalamika kwamba binti yake anamwita Mzee.

Nikampa mama yako kazi ya kuingia. Rezo ikaendelea kuanguka. Hapo mtu mwenye akili angefunga kaye na kuanza upya. Mimi nikasema bila shaka umemshawishi mama yako. Unaona namna mtu anavyotetea jumla yake.

Baada ya miezi miwili bibi yako akaenda Nyangwe kumwangalia dada yake mgonjwa, na wewe ukamsindikiza kubeba mfuko. Mlikaa siku kumi na moja. Siku kumi na moja rezo haikuanguka yenyewe hata mara moja. Saa mia mbili na sitini na nne. Siku ya nane nikamwambia mama yako, "Umeona? Ameondoka, imepona." Mama yako alinitazama tu.

Siku ya tisa ikanyesha mvua ya upepo, bati likanyanyuka pale kable inapoingilia. Mama yako akasema, "Mwenye chumba hayupo. Ingia." Nikaingia. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuiona mashine yangu ikiwa inafanya kazi. Taa tatu nyeupe, zimetulia. Nzuri. Na juu ya sanduku la nguo la bibi yako niliona vitambaa vitano vya kufuma, vya ua la katikati na pindo la meno meno, vimefuliwa na kukunjwa. Nikafunua kimoja kwa sababu kilikuwa na doa. Doa lilikuwa la mraba, rangi ya chai. Cha pili kilikuwa nalo. Vyote vitano. Nikakishika kimoja, nikakipeleka juu ya modemu. Mraba ukakaa juu ya mraba.

Unanijua, jambo moja si hesabu. Nilikiacha kitambaa juu yake, nikakaa sakafuni, mgongo ukutani, katika chumba cha mkwe wangu. Baada ya saa moja na dakika hamsini modemu ilikuwa moto kama sufuria, na taa ikawa nyekundu. Nikaondoa kitambaa, nikaiacha ipoe dakika ishirini, nikawasha, dakika saba, nyeupe. Nikarudia mara ya pili. Saa moja na dakika arobaini na tano.

Hakukuwa na mwizi. Bibi yako hawezi kuacha kitu cha mkwe wake bila kukisitiri. Angekuwa ni sahani yangu angeifunika, angekuwa ni kiti changu angekitandikia. Wewe ukiingia ulikuwa unaondoa kitambaa, unawasha, inapona. Ukitoka, anakirudisha. Na angejuaje kwamba kinadhuru? Mtu pekee wa kumwambia alikuwa mimi, na mimi nilikuwa nimesimama inje nikitazama barabara. Adabu yake ilifunika mashine na adabu yangu ilinifunika macho. Katikati tukakuweka wewe.

Nilifanya nini? Nilipigilia kibao kirefu juu ukutani, nikaifunga modemu kwa waya mahali ambapo mkono wa mwanamke mzee haufiki. Nikasema ni kwa ajili ya mvua. Rezo haikuanguka tena. Watu wakanisifu. Yule mshona viatu alisema mbele ya wote, "Kweli, Baba Aziza ni fundi." Nikapokea.

Sikukuambia. Nilijipa sababu mbili. Ya kwanza, kwamba nikisema, nitakuwa namshitaki mama mkwe, na jambo hilo halifanyiki. Hiyo ilikuwa sababu ya kuonyesha wageni. Ya pili ni kwamba nilikusomea makosa mbele ya watu tisa, na nilijua kuyafuta kunadai watu tisa walewale.

Juzi, mkikunja nguo, ulitoka kuanika, mama yako akaniambia bila kuinua kichwa, "Unajua kama Aziza alijua?" Akasema ulimwambia bibi yako mapema kabisa, "Bibi, hii inataka hewa," na bibi yako akakujibu, "Kitu cha mukwe wangu kikae uchi mbele yangu?" Ukaacha. Ulipoitwa mwizi ulikuwa na jibu mdomoni, ukalimeza ili neno lisisafiri kati ya mkwe na mkwe. Ulikuwa na miaka kumi na minane. Mimi nilikuwa na arobaini na nane na sikuweza kubeba kicheko kimoja cha siku ya posa.

Na jana amepiga simu yule mama mwenye duka la Salamabila, anayekungoja umsimamie dishi na modemu mpya. Alizunguka zunguka, halafu akasema, "Baba Aziza, usinichukie. Watu wa kwenu wanapita hapa, wanasema. Ile habari ya mutoto kuiba rezo, iko kweli?" Aliniambia kama ni kweli atakupokea vilevile, lakini ufunguo wa chumba cha mashine utakaa na mtu mwingine. Nikamwambia nitamjibu leo.

Kwa hiyo leo mchana, wewe ukiwa kwa shangazi zako kuaga, nilipiga hatua sitini na moja. Nilisimama chini ya kidirisha, na kwa mara ya kwanza nikakigeukia. Hakukuwa na mtu wa kutuma. Nikasema, "Mama, shikamoo. Nina neno, na neno lenyewe linakugusa. Nimekuja kuomba ruhusa nilitoe."

Halafu nikasikia kitanda kinalia.

"Ni neno la kitambaa?"

"Ndiyo, Mama."

"Nilijua siku ile ulipotundika kibao. Nilisema, mukwe wangu ameona, atasema. Nikangoja. Ulikawia sana, wee mutu wa dakika."

Nikashika ukingo wa kidirisha.

"Mutoto amebeba mizigo yetu wawili," akasema. "Nenda useme. Sema na mimi. Mimi niko muzee, watanicheka siku mbili, watachoka. Lakini kwanza ingia."

Niliingia, Aziza. Sikutazama juu sana, lakini niliingia. Alikuwa amekaa na kitambaa kipya mapajani, bado sindano imo. Akaniambia ni chako, cha kupeleka Salamabila. Akainua kidole: "Cha kuweka chini yake. Chini. Juu hapana. Unaona kama hata mimi nimejifunza?"

Kutoka pale nilikwenda butiki. Wale tisa sikuwapata wote. Walikuwepo sita, na watu wengine wanne ambao hawakuhusika. Nikafungua kaye ileile, nikasoma maanguko kumi na manne, saa kwa saa, halafu nikasoma majaribio yangu mawili ya kitambaa, na tarehe yake, ili wahesabu wenyewe nimekaa kimya muda gani. Nikataja pia nani aligundua zamu ya kuwasha. Mshona viatu akauliza, "Kwa hiyo mwizi alikuwa kitambaa?" Nikamwambia, "Kitambaa hakikusema uongo. Mimi ndiye." Hakucheka. Alisema, "Basi utupigie na wale watatu waliobaki." Wawili nimeshawapata. Wa tatu yuko mashambani, kesho kutwa atarudi, nami nitakuwa mlangoni kwake.

Labda utasikia haya usiku huu kabla ya kusoma, Kasongo haichelewi kupeleka habari. Soma hata hivyo. Wao wamesikia nusu tu, ile ya butikini.

Halafu nikampigia yule mama wa Salamabila. Nilimwambia kila kitu, hata baiskeli. Alinyamaza mpaka nikadhani rezo imeanguka. Akasema, "Mutoto mwenye kunyamaza hivyo kwa ajili ya bibi yake, mimi namupa ufunguo, na wa duka pia." Ufunguo utaupata mkononi siku ya kufika. Nimemuuliza mara mbili.

Kule utakutana na mashine nisiyoijua, na watu wenye haraka kuliko mimi. Kwenye machimbo ya dhahabu kila mtu ana haraka. Watakuambia zima tena. Wewe unajua kuliko mimi la kufanya. Nakuomba moja tu, na nakuomba kama mtu aliyelilipia: ukikuta kosa halieleweki, ingia chumbani utazame, hata kama chumba ni cha mkwe. Na ukikuta umekosea, usingoje kibao kikusemee.

Ufunguo wa kabati ya makable, ule ulioniachia kwenye kaunta, nimeushona ndani ya pindo la kitambaa cha bibi yako. Kabati ni yako. Makable yaliyomo nitayachunga tu.

Ukifika, weka kitambaa chini, washa, ngoja dakika saba. Ikitulia nyeupe, nipigie. Nitakuwa nimekaa na telefone mbele yangu, na sitakuuliza habari za taa. Ukisema "Mzee," nitaitika. Ukisema lile lingine, nitaitika kabla hujalimaliza.

Baba yako